Niliomba Malaika, Nikapewa Mtani

Bwana asifiwe, wapendwa! Narudia, Bwana asifiwe! Ile ya kwanza mmeitikia kama watu ambao hawajanywa chai. Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Na ninyi niliowafundisha darasa la kwanza, ambao sasa mmeota ndevu na mmekaa huko nyuma mkidhani siwaoni, nawaona, hamjambo pia. Wengi mnanifahamu, lakini kwa ajili ya wageni, naitwa Mwalimu Rebeka, mke wa Baba Ngassa, mkulima wa pamba wa hapa hapa Magu. Nimesimama kwa sababu Mungu amenitendea jambo, na nikilikalia kimya, mawe ya Mwanza yatapiga kelele badala yangu, na mnajua kule mawe hayakosekani. Mchungaji amenipa dakika chache. Mchungaji ananijua, anajua hazitatosha.

Ndugu zangu, mnakumbuka mlivyonisindikiza. Nilisimama papa hapa mbele, mkanizunguka, mkaniwekea mikono. Akina mama wa maombi mlininunulia begi hili la kahawia, mnaliona? Mkanijazia na kiroba cha michembe, viazi vitamu vyetu vya kukausha, nisife njaa mjini, kana kwamba Mwanza hakuna chakula. Mchungaji akatangaza, "Mama yetu anakwenda chuo kikuu!" Vigelegele vilipigwa mpaka watu wa barabarani wakachungulia mlangoni. Baba Ngassa, ambaye hata siku ya harusi yetu alisimama tu kama nguzo, siku ile alicheza. Alicheza vibaya, lakini alicheza.

Nyote mnajua kwa nini ilikuwa furaha kubwa vile. Nilianza ualimu nikiwa binti mbichi, nikakabidhiwa darasa la kwanza, nikabaki humo humo. A, e, i, o, u. Kila mwaka nilimwambia Mungu nataka kusoma zaidi, na kila mwaka palitokea jambo. Alizaliwa Ngassa, wakafuata wadogo zake. Mama mkwe akaugua, nikamuuguza mpaka Bwana alipomtwaa. Nikasoma stashahada kwa kuibia ibia likizo. Mwishowe Ngassa mwenyewe akahitimu chuo, akarudi nyumbani, akaniambia, "Mama, sasa ni zamu yako." Nililia siku ile. Nilikuwa nimeshaizika ndoto yangu na nimeshapanda maua juu yake, kumbe ilikuwa inapumua.

Kwa hiyo mnielewe vizuri. Kama ningerudi bila kusoma, asingerudi Rebeka peke yake. Yangerudi maombi yenu, begi lenu na vigelegele vyenu. Nawaambia hili mapema kwa sababu shetani alinishikia hapo hapo.

Siku ya kwanza ya kipindi nilichelewa kidogo. Majengo ya chuo yanafanana, nikaingia moja, nikatoka, nikaingia jingine. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya kitenge, ile ya kijani, miwani usoni, begi lenu begani. Nikasukuma mlango, kumbe ni mlango wa mbele. Ukumbi mkubwa umejaa watoto waliotoka kidato cha sita juzi juzi, bado wana adabu za shule. Waliponiona tu, darasa zima likasimama! Viti vikatoa kishindo. Na mimi, ndugu zangu, mdomo wangu umesema neno moja kila asubuhi tangu ujana wangu. Haukuniuliza. Ulisema wenyewe:

"Kaeni!"

Wakakaa.

Mnacheka. Chekeni tu, hata mimi sasa nacheka. Kabla sijajua nifanye nini, akaingia mwalimu mwenyewe, kijana mtanashati, umri wake na Ngassa wangu hawapishani. Akanikuta pale mbele natafuta kiti kwa macho. Akainamisha kichwa kwa heshima, akasema, "Shikamoo mama. Umemleta mtoto?" Nikamjibu, "Marahaba, baba. Mtoto ni mimi."

Ukumbi ulipasuka. Yule kijana wa watu aliona aibu kuliko mimi, akaniomba radhi mbele ya wote. Nikaenda kukaa, masikio yananiwaka moto. Kabla ya jioni nilikuwa nimeshapewa jina. Mama Kaeni. Nilikuwa nikipita nasikia nyuma yangu, "Mama Kaeni huyo," halafu kimya.

Lakini kicheko si kitu, wapendwa. Kicheko kinapita. Kilichoniumiza ni heshima! Mtaniuliza heshima inaumizaje. Mimi mwenyewe nimefundisha watoto wenu kuamkia wakubwa, na asiyeamkia nilimsimamisha pembeni. Shikamoo ni kitu kizuri. Lakini mtu akishakupa shikamoo hawezi tena kukuomba kalamu. Hawezi kukuuliza, "Hivi wewe umeelewa alichosema?" Hawezi kukwambia usogee akae. Nilipokaa, kiti cha kulia kilibaki wazi na cha kushoto kilibaki wazi. "Shikamoo mama," wanasema, wanapita, wanakwenda kubanana kule juu.

Na nilikopanga, Buhongwa, ilikuwa hivyo hivyo. Ni nyumba ya vyumba vinavyotazamana, uani bomba moja, wapangaji karibu wote wanafunzi wenzangu. Nikitoka na ndoo nasikia wanacheka, muziki unalia, wanapikiana chai. Nikifika bombani muziki unapunguzwa. "Shikamoo mama. Karibu uchote." Wananipisha foleni, nachota, narudi chumbani kwangu. Nikifunga mlango, kicheko kinaanza upya. Nilikuwa nakula ugali na sato wangu mzuri kabisa peke yangu, samaki ananitazama na mimi namtazama.

Halafu Kiingereza! Mimi Kiingereza nakijua kwa kukisoma. Kukisikia kikitiririka kutoka kinywani mwa mtu mwenye haraka ni jambo jingine. Naandika neno moja, mwalimu ameshapita maneno mengi. Wenzangu wakitoka nje wanakaa makundi makundi kwenye ngazi, wanaelezana. Mimi nakaa pembeni na daftari, nimevaa uso wa mtu mzima anayejua. Ndugu zangu, hakuna mzigo mzito kama uso huo. Baba Ngassa akipiga simu, nasema, "Huku kwema tu, Mungu ni mwema." Mungu alikuwa mwema kweli, mimi ndiye sikuwa mzima.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyofika shingoni. Kulikuwa na jaribio la somo moja kubwa, lisilo na mchezo. Nilijiandaa vizuri. Asubuhi nikafika ukumbini mapema, nikakaa kiti changu cha siku zote, nikapanga kalamu zangu mbili. Nikangoja. Nikangoja tena. Nikasema vijana hawa kwa kuchelewa! Kumbe chumba kilibadilishwa. Taarifa ilikwenda kwenye kundi la simu la darasa, na lile kundi nililoungwa mimi lilikuwa limeshakufa zamani. Walihama walipoona mtu mzima yumo, wakafungua jingine ili waweze kutaniana kwa raha. Wenzangu wanaandika jaribio jengo la pili, na mimi nimekaa peke yangu kwenye ukumbi mtupu, nimenyooka mgongo kama picha.

Nilipowakuta wanatoka, binti mmoja aliweka mkono mdomoni. "Mama, tulidhani unajua! Mtu mzima kama wewe, nani angethubutu kukutumia ujumbe?" Hakuwa na ubaya. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na ubaya, na hilo ndilo lililonimaliza. Ningekuwa na adui ningemkemea kwa jina la Yesu akimbie. Utakemeaje watoto wanaokuheshimu?

Nilikwenda kwa mwalimu. Alinisikiliza vizuri, akafikiri, akasema, "Mama, jaribio siwezi kulirudia kwa mtu mmoja. Lakini Jumatatu utasimama mbele ya darasa, utatueleza jinsi mtoto anavyojifunza kusoma. Alama zake zitakuwa ndizo za jaribio." Nikamshukuru. Nikafika mlangoni, akaongeza kwa upole, "Kwa Kiingereza, mama."

Nisimame mbele ya wale walionicheka, nizungumze kwa lugha inayonikimbia, na nikishindwa somo limekwenda! Ijumaa mchana sikula. Nilishuka mpaka ziwani. Akina mama walikuwa wanaanua dagaa, wakanikaribisha, nikawapungia mkono, nikapita. Nikapanda jiwe moja kubwa lililoingia majini kidogo, nikapiga magoti. Nililia mpaka kilemba kikalowa. Nikasema, "Bwana, wewe ndiye uliyefungua mlango huu. Umenileta mjini nije nichekwe? Nitumie malaika wako anishike mkono. Usipomtuma, kesho narudi kwetu." Ndiyo, nilimpa Mungu amri kama namwambia mtoto wa darasa la kwanza. Ndivyo nilivyo, mnanijua.

Nikangoja. Hakuna malaika. Ndege weusi tu, na upepo, na harufu ya dagaa. Nikarudi nyumbani nimeshaamua.

Jumamosi asubuhi nikaanza kufunga. Nilishapanga kila kitu. Sitashuka stendi ya Magu, nitashukia huku mwanzoni, nipite njia ya mashambani, niingie nyumbani kwa mlango wa uani. Jumapili ningewaambia ninyi kwamba ni presha. Wapendwa, begi hili mlilolinunua kwa upendo nililijaza nguo kwa aibu. Nikalivuta mpaka mlangoni. Nikakinyanyua na kiroba cha michembe, ambacho nilikuwa sijakimaliza kwa sababu kupika peke yako hakuna hamu. Chini kilikuwa kimeoza. Kikachanika! Michembe ikamwagika kizingitini, ikatapakaa mpaka uani.

Chumba kinachotazamana na changu alikaa binti mmoja mwembamba, anaitwa Yunis. Tangu nihamie, huyu alikuwa akiniona ananipa shikamoo mkono kifuani na kupita upesi. Asubuhi ile alikuwa anafua. Akaja kunisaidia kuokota. Akaokota mchembe mmoja, akaugeuza, akanusa. Akanikazia macho, akaung'ata ule mchembe kwa meno, ungali mbichi, mgumu kama kigae.

"Aa! Meno yangu!" akapiga kelele. Halafu akasimama wima, akashika kiuno. "Michembe! Kumbe muda wote huu wewe ni Msukuma?"

Nikasema, "Ndiyo, wa Magu. Kwani vipi?"

"Kwani vipi?" Akapaza sauti ua mzima usikie. "Mimi ni Mgogo wa Mpwapwa! Nimekupa shikamoo tangu siku ya kwanza, nimekupisha bombani, kumbe ni Msukuma tu! Nirudishie shikamoo zangu zote! Haya, sema, umekuja chuo, ng'ombe umemwachia nani?"

Milango ikafunguka. Watoto wale wengine wakatoka, macho yamewatoka, wanajua leo Yunis atakiona. Mama Kaeni anatukanwa! Na mimi, ndugu zangu, nilihisi kitu kinapanda kutoka tumboni. Nilikuwa nimesahau kwamba ninacho. Nikamtazama juu mpaka chini, nikamwambia, "Na wewe Mgogo, huku Mwanza umefuata nini? Umekuja kuomba digrii? Mlenda umewaishia kwenu?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Nikacheka na mimi. Nilicheka mpaka machozi, mpaka mbavu, nikashikilia mlango nisianguke. Sikuwa nimecheka hivyo tangu nitoke hapa kanisani.

Kwa wasiojua mila zetu, niseme kidogo. Sisi na Wagogo ni watani, tangu enzi za mababu. Mtani hana shikamoo ya kumzuia. Mtani anaweza kukwambia lolote, mkubwa kwa mdogo, na usipojibu ni wewe uliyekosa adabu. Anaweza kuchukua kitu chako usiseme neno. Na msibani mnajua watani wanavyofanya. Watu wanalia, jeneza limefika, mtani anashuka kaburini analala humo, anakataa katakata marehemu asizikwe mpaka wafiwa wamkomboe.

Sasa Yunis alipomaliza kucheka ndipo alipoliona begi. Akaangalia begi, akaangalia chumba kitupu nyuma yangu, akaangalia uso wangu. Alikwenda akajilaza kizingitini kwangu, juu ya michembe, amenyooka kabisa, mikono kifuani, macho amefumba. Akasema:

"Hapa hatoki mtu. Msukuma anataka kufa, anazika masomo yake, na watani hatujaambiwa. Nimelala kaburini. Haziki mtu hapa mpaka nikombolewe!"

Wenzake wakapiga makofi. Nikasema, "Ondoka hapo, mtoto, nitakukanyaga." Akasema, "Kanyaga." Nikatoa noti kwenye pochi nikamwekea kifuani kama inavyofanywa. Akaipeperusha bila kufumbua macho. "Hela ya Msukuma ina kwato," akasema. "Nataka ukombozi mwingine. Utakuja kusoma na sisi leo, na kesho ukitoka kanisani, na Jumatatu utasimama mbele ya darasa kama mwalimu alivyotutangazia. Hukubali, ninalala hapa mpaka nioze, utanizika kwa gharama zako."

Nikainama ili nimwinue kwa mkono. Ndipo aliponivuta karibu, akafumbua macho, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Akaninong'oneza, wengine hawakusikia. Alisema, "Mama, na mimi naogopa. Wiki ya kwanza nilitaka kurudi Mpwapwa, nikawa nakuona wewe unakwenda darasani kila asubuhi peke yako. Nikajiambia, kama mama mzima yule anaweza, mimi nitashindwaje? Ukiondoka, na mimi nafunga mizigo."

Bwana asifiwe! Ndugu zangu, nimesema Bwana asifiwe! Muda wote ule nilidhani natazamwa nichekwe. Kumbe mtoto wa watu alikuwa amenishikilia mimi asianguke! Pale pale kizingitini ile roho ya aibu iliyonikaba ikaniachia. Niliisikia inatoka. Niliomba malaika mwenye mabawa, Mungu akanitumia Mgogo aliyelala juu ya michembe! Nikasema kwa sauti, "Haya, mtani, nimekukomboa. Inuka."

Hakuinuka mara moja. Alidai kwanza nimchemshie hiyo michembe, na karanga.

Basi ikachemshwa sufuria kubwa. Ilikuwa mara ya kwanza mlango wangu kukaa wazi. Wakaja wote, wakakaa kitandani kwangu, wengine chini, wengine kwenye ndoo zilizogeuzwa. Kwanza waliniita mama kwa woga woga, lakini ukishaona mtu mzima anatukanwa na mtani na anajibu, woga utaupata wapi? Yule binti aliyeweka mkono mdomoni akaniomba msamaha, akaniunga kwenye lile kundi la simu jipya. Kwenye simu yake nikaona walivyonitania wee, nikasoma yote kwa sauti mbele yao, wakaficha nyuso. Kisha tukafungua madaftari. Mengi niliyokuwa sijayaelewa, nao walikuwa hawajayaelewa! Walikuwa wanakaa kwenye ngazi wanaelezana wasiyoyajua. Nilikuwa nimewaogopa bure.

Jumapili tulirudia na kurudia. Nasema sentensi, Yunis ananikatiza, "Msukuma, neno hilo umelivunja mguu, lirudie." Nalirudia. Nikikosea tena, ananinyang'anya mchembe mkononi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza Kiingereza cha chuo, kwa njaa.

Jumatatu ikafika. Nilivaa ile suti ya kijani, kwa makusudi. Niliingia kwa mlango ule ule wa mbele. Mwalimu akanipa nafasi, akakaa pembeni. Nikaweka karatasi zangu mezani, nikainua uso nikaona ule ukumbi, ndugu zangu, macho, macho, macho. Neno la kwanza nililolirudia usiku na mchana likayeyuka. Nikasema moyoni, Bwana, sasa.

Kule nyuma kiti kikalia. Yunis amesimama. Akasimama na aliye karibu naye. Wakasimama wapangaji wenzetu wa chumba cha kona, akasimama yule binti wa kundi la simu, ikasimama safu nzima, halafu safu zote. Kishindo kile kile cha siku ya kwanza! Darasa zima limesimama, kimya, wananitazama, na nyuso zao zimejaa kicheko kinachosubiri. Sikuelewa kwa muda kidogo. Halafu nikaelewa. Walikuwa wanangoja neno langu.

Nikavuta pumzi. Nikawapa kwa sauti yangu yote, ile ya uwanja wa shule:

"Kaeni!"

Wakakaa! Ukumbi ukalipuka, makofi, miluzi, mwalimu mwenyewe amejishika tumbo. Na mimi nikacheka nao, na katika kicheko kile hofu ikapotea, sikuiona tena. Nikafungua kinywa, Kiingereza kikatoka. Sitadanganya mbele ya madhabahu, kilitoka kikichechemea. Lakini kilitembea mpaka mwisho wa safari, na nilipomaliza mwalimu aliniambia maneno matatu tu: "Mama, umefaulu vizuri."

Nilitoka nje nikapiga magoti kwenye majani, suti ya kijani na yote. Nikampigia Baba Ngassa. Safari hii sikumwambia huku kwema. Nilimwambia yote, tangu ukumbi mtupu mpaka jiwe la ziwani. Akasema, "Kwa nini hukuniambia?" Nikamjibu, "Niliona aibu." Akasema, "Mke wangu, aibu ya nini na mimi ndiye niliyecheza kanisani?"

Wapendwa, mwaka wa kwanza umekwisha. Nimefaulu masomo yote! Nimerudi kwa njia ya stendi, mchana kweupe, begi begani, na nimesalimia kila mtu. Jina la Mama Kaeni bado ninalo, na siku hizi nikiitwa naitika.

Sasa nawaomba mambo yaliyo moyoni mwangu. Humu ndani kuna mzazi amevaa uso wa mtu mzima anayejua, na ndani anaangamia. Nakusihi, umwambie Mungu, halafu uache mlango wazi. Mimi niliomba juu ya jiwe, nikaenda nikajifungia chumbani, Mungu ikabidi apasue kiroba! Na ninyi vijana, waamkieni wazee, ndiyo, atakayeacha nitamsimamisha pembeni hata na ndevu zake. Lakini ukishaamkia usikimbie. Vuta kiti ukae. Na wewe uliye mbali na Mungu na unadhani amekusahau kwa sababu jibu halijaja na mabawa, mwamini. Angalia vizuri mlangoni kwako, huenda jibu lako limeshalala hapo linakudai karanga.

Na huyo mtani wangu, Yunis, siwezi kumaliza bila kumtaja. Yupo! Ni huyo hapo katikati ya akina mama wa maombi, mwembamba huyo, anajifanya anaangalia sakafu. Amekuja kula likizo Magu. Tangu jana anadai kuku, anasema ule ukombozi wa siku ile ulikuwa malipo ya awali tu. Akina mama, mpeni kuku. Mpeni na jogoo.

Sasa nawaomba msimame wote. Wazee wetu mwinuliwe polepole. Na ninyi wa nyuma, simameni vizuri. Mgogo, na wewe simama. Inueni mikono tumshukuru aliyenitoa kwenye ukumbi mtupu. Asante Bwana. Asante kwa mlango ulioufungua, na kwa mtoto uliyemlaza mlangoni nisitoke. Asante, asante, asante. Amina.

Mbona mnanitazama hivyo? Aha, nimeelewa.

Kaeni.